Mzamiaji wa Ng'ambo: Maswali Yenu Kuhusu Bata Shingo-Pete

Toleo lililopita tulichapisha picha ya bata mweusi mwenye mdomo wa mistari, akiwa katikati ya kundi la bata wa kawaida nchini Uingereza. Chini yake tuliandika maneno mawili tu: mgeni adimu. Barua zilizokuja, kutoka Leicester hadi Maskati, zinaonyesha kwamba maneno hayo yalikuwa machache mno. Tumechagua sita.

Kwanza jina. Kiswahili hakina jina la asili la bata huyu, maana si wa kwetu. Vitabu vya Uingereza na Marekani humwita Ring-necked Duck, wanasayansi humwita Aythya collaris, na hapa tutamwita bata shingo-pete. Ni bata mzamiaji, yaani hupiga mbizi kutafuta chakula chini ya maji, tofauti na wale wanaoinamisha kichwa tu huku mkia umebaki juu. Kama neno mzamiaji limekukumbusha vijana wa bandarini wanaojificha melini kwenda Ulaya, hujakosea sana. Jibu la barua ya Manchester litaeleza.

Wahariri, habari za kazi. Kila Jumamosi huwapeleka watoto kwenye bwawa kubwa la maji ya bomba nje ya mji. Juzi mzee mmoja mwenye darubini ya miguu mitatu alituambia kuna shingo-pete kati ya bata weusi wenye mbavu nyeupe. Nilichungulia nusu saa nzima nikaona wote ni wa tumbo moja. Nimtambueje? Na hiyo pete ya shingoni iko wapi? – Msomaji, Leicester

Pete ya shingoni usiitafute, utapoteza siku. Ipo, lakini ni mkanda mwembamba wa hudhurungi chini ya shingo nyeusi, na huonekana vizuri ndege akiwa mkononi. Jina lilitoka sokoni, si ziwani. Edward Donovan alimwelezea kitaalamu mwaka 1809 kwa bata aliyepatikana Leadenhall, soko la nyama na kuku la London, na bata aliyelazwa juu ya meza ya muuzaji unaweza kumpekua unyoya kwa unyoya. Wawindaji wa Marekani, ambao humwona hai kila mwaka, humtaja kwa pete za mdomo. Wao ndio waliopatia.

Wale weusi wenye mbavu nyeupe ni bata kishungi, Aythya fuligula, wenyeji wa mabwawa ya Ulaya. Dume la shingo-pete unalitofautisha nao kwa mambo manne. Tunaanza na lile linaloonekana kwa mbali kuliko yote.

Ubavu. Wa bata kishungi ni mweupe wote, kama karatasi. Wa shingo-pete ni wa kijivu, isipokuwa mbele kabisa, karibu na kifua cheusi, ambako mweupe hupanda juu kama pembe au kidole kilichosimama. Ukingo wa juu wa ubavu huo hupinda kama mawimbi, haukunyooka. Kidole hicho cheupe huonekana hata bata akiwa amelala na mdomo ameuficha mgongoni, nawe uko mita 300. Jua kali likimpiga ubavuni, kijivu hugeuka cheupe machoni, na hapo ndipo wengi wanapompita. Subiri wingu lifunike jua, au zunguka upande wa pili, ambako ubavu haupigwi na jua moja kwa moja.

Kichwa. Bata kishungi ana shungi linaloning'inia kisogoni, refu kwa dume, fupi kwa jike. Shingo-pete hana shungi. Utosi wake huinuka hadi kilele kilicho nyuma ya jicho, kisha kisogo hushuka ghafla, na kichwa kizima kinaonekana kama pembetatu. Lakini usimwamue kwa kichwa wakati anapiga mbizi mfululizo, kwa sababu bata mzamiaji hulaza manyoya ya kichwa kabla ya kuzama na kilele hupotea. Mtazame akipumzika.

Mdomo. Rangi yake ni ya kijivu cheusi, ncha ni nyeusi, na nyuma ya ncha kuna mkanda mweupe uliokolea. Dume aliyekomaa ana pia mstari mwembamba mweupe unaozunguka shina la mdomo, pale unapokutana na uso. Mstari huo wa shinani ndio uthibitisho mzuri zaidi, kwa kuwa bata kishungi hana. Mkanda wa karibu na ncha peke yake hautoshi. Bata kishungi wengi wanao, ila umefifia.

Bawa. Hili huamua kesi. Bata kishungi akifungua bawa, mstari wa nyuma ni mweupe pe. Wa shingo-pete ni wa kijivu. Huna haja ya kusubiri aruke. Bata akimaliza kujichokoa manyoya hujiinua juu ya maji akapiga mabawa mara tatu au nne, kisha akatulia. Ukimwona ameanza kujichokoa, usimwondolee jicho.

Namna ya kulipitia kundi ni hii. Anza na ukuzaji mdogo wa darubini ya miguu mitatu, mara 20 hadi 30, kutoka ncha moja ya kundi hadi nyingine, ukitafuta mgongo mweusi wenye ubavu usio mweupe. Wenye mgongo wa kijivu waache, hao ni jamaa wengine. Ukifika mwisho, rudi ulikotoka, kwa sababu wakati wowote sehemu ya kundi iko chini ya maji. Mara tatu kwenda na kurudi ni kiasi cha chini. Darubini ya mkononi ya 8x42 (inayokuza mara 8, yenye kioo cha mbele cha milimita 42) inatosha kwa bata walio ndani ya mita 100. Zaidi ya hapo mwombe yule mzee akupe zamu, na mara nyingi watu hao hufurahi kuombwa.

Salaam. Nimewatumia picha tatu za bata wa kahawia mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Ni jike la shingo-pete? – Msomaji, Glasgow

Hapana, dada. Ni jike la bata mwekundu wa Ulaya, Aythya ferina. Umeangukia shimo ambalo wazoefu nao huangukia, hivyo tulieleze.

Jike la shingo-pete lina uso wa kijivujivu wenye weupe uliofifia karibu na mdomo, duara jeupe kuzunguka jicho jeusi, na mara nyingi mstari mwembamba mweupe unaotoka nyuma ya jicho kama wanja uliovutwa. Jike la bata mwekundu nalo lina karibu hayo yote. Baya zaidi, mstari wa bawa lake ni wa kijivu pia, kwa hiyo ile hoja ya bawa inayomwondoa bata kishungi haimwondoi yeye.

Angalia umbo. Kwenye picha yako ya pili paji la uso linateremka moja kwa moja hadi mdomoni, kama mteremko wa paa, na mdomo ni mrefu. Shingo-pete ana paji linalosimama na kilele nyuma ya utosi. Angalia pia mgongo: wa jike lako ni wa kijivu hafifu kama majivu, ilhali wa jike la shingo-pete ni wa kahawia iliyokoza karibu na nyeusi, ukiachana waziwazi na ubavu wa kahawia mpauko. Na jike la bata kishungi? Huyo ana jicho la manjano. Jicho likiwa la manjano, funga daftari.

Ukichunguza kuanzia Julai hadi Oktoba, punguza uhakika wako kwa nusu. Madume hubadilisha manyoya baada ya kuzaliana na kufanana na majike, hata ule mstari wa shina la mdomo hupotea, na vijana wa mwaka huo bado hawajavaa rangi zao. Desemba hadi Machi ndiyo miezi ya kuamua bila kubishana.

Nimesoma kwamba shingo-pete hufugwa Ulaya kama bata wa mapambo. Basi kwa nini kila anayeonekana bwawani huitwa mgeni kutoka Marekani? Huenda ametoroka tu zizini kwa mtu. – Msomaji, Manchester

Umeuliza swali ambalo wanaotunza orodha za ndege huligombania kuliko yote, na ndilo lililotufanya tulipende neno mzamiaji. Kuna anayevuka bahari kwa mabawa yake, na kuna aliyeletwa kwenye kreti akatoroka. Ukiwaona majini ni bata wale wale.

Uingereza hutunza orodha rasmi iliyogawanywa kwa herufi. Herufi A ni ndege walioonekana wakiwa katika hali ya asili tangu tarehe 1 Januari 1950. C ni walioletwa na binadamu, wakazaliana na kujitegemea. E ni watoro wa mazizi. Shingo-pete yuko A. Rekodi ya kwanza iliyokubaliwa ni ya mwaka 1955 huko Slimbridge, Gloucestershire, kwenye hifadhi ya bata iliyoanzishwa na Peter Scott. Ndiyo, umesoma vizuri: bata pori wa kwanza wa aina hiyo alionekana karibu na mahali palipojaa bata wa kufugwa. Wenye shaka walikuwa na haki ya kushuku.

Pete za miguuni ndizo zilizolegeza shaka hizo. Shingo-pete aliyevishwa pete New Brunswick, Kanada, mwezi wa Septemba 1967, alipigwa risasi Anglesey, Wales, Desemba ya mwaka huo huo. Mwingine alivishwa pete hapo hapo Slimbridge mwezi wa Machi 1977, na Mei akauawa kusini mashariki mwa Greenland, akiwa njiani kurudi upande wa kwao. Mtoro wa zizi hana sababu ya kwenda Greenland.

Kwa bata mmoja mmoja, kagua hivi. Miguu kwanza: pete ya plastiki yenye rangi, au pete ya chuma isiyo na kiungo ambayo huvishwa kifaranga, mara nyingi ni alama ya mfugaji. Pete ya utafiti huwa na namba ndefu na anwani, nayo humpandisha cheo badala ya kumshusha. Pili mabawa: wafugaji wengi humkata kifaranga ncha ya bawa moja akiwa na siku chache, asiruke maisha yake yote. Bata akipiga mabawa ukaona moja ni fupi, kesi imekwisha. Tatu kidole cha nyuma cha mguu, ambacho baadhi ya wafugaji hukikata kama alama. Nne tabia: anayekuja mbio kwenye mkate huku wenzake wakikimbilia katikati ya bwawa anatia shaka, ingawa hata bata pori hujifunza mkate wakikaa bustani za mjini. Tano tarehe. Anayetokea Oktoba au Novemba baada ya wiki ya pepo kali za magharibi, akaondoka Aprili, ana hoja nzito kuliko anayekutwa Juni kwenye dimbwi la kijiji.

Kukosa pete si cheti cha upori. Wapo wafugaji wasiovisha pete wala kukata bawa. Kinachobaki ni kupima uzito wa hoja.

Ubishi huu una sababu nje ya orodha za watu. Bata mwingine wa Amerika, Oxyura jamaicensis, mdogo mwenye mkia mgumu uliosimama na mdomo wa buluu, aliletwa Slimbridge mwaka 1948. Miaka ya 1950 baadhi ya vijana wasiokatwa mabawa wakaruka wakaenda zao, na mwaka 1960 wakazaliana porini. Ilipofika mwaka 2000 walikuwa karibu 6,000, wakaanza kuvuka hadi Hispania na kupandana na bata kichwa-cheupe, Oxyura leucocephala, ambaye mwaka 1977 alikuwa amebaki 22 tu nchini humo. Machotara wao wana uwezo wa kuzaa, kwa hiyo jamii nzima ilikuwa hatarini kumezwa. Serikali ya Uingereza ilianza kuwaua kwa mpango mwaka 2005 na leo karibu wamekwisha. Tanzania na Kenya tuna ndugu wa damu wa bata hao, bata makoa, Oxyura maccoa, dume la rangi ya hudhurungi-nyekundu lenye mdomo wa buluu. Naye anazidi kupungua hata bila mtoro yeyote kumfikia.

Machotara wapo pia upande wa shingo-pete. Dume mpweke aliyekosa jike wa kabila lake huoa kwa bata kishungi. Mtoto wao huwa na kishungi kifupi kama nywele zilizochanwa vibaya, ubavu wa kijivu hafifu, mstari wa bawa usio mweupe wala wa kijivu, na shina la mdomo lisilo na ule mstari. Ukiona bata mwenye alama tatu za shingo-pete na moja ya bata kishungi, usiihesabu hiyo moja kuwa hitilafu ndogo.

Ndege mzito namna hiyo anavukaje Atlantiki? Hupumzika wapi? – Msomaji, Toronto

Kwenu Kanada hapo ndipo nyumbani kwake. Huzaliana kwenye vidimbwi vya misitu ya kaskazini, jike likitaga mayai 8 hadi 10 kwenye kiota kilichojengwa juu kidogo ya maji, na majira ya baridi huteremka kusini ya Marekani, Meksiko na visiwa vya Karibi. Ana gramu 700 hivi, na si mzito kama unavyodhani.

Piga hesabu. Kutoka Newfoundland hadi magharibi mwa Ireland ni takriban kilomita 3,100. Bata akienda kilomita 80 kwa saa, na nyuma yake kuna dhoruba inayomsukuma kwa kilomita 50 zaidi, safari ni ya saa 24 tu. Hahitaji kupumzika, na hata akitua baharini hazami kama chombo kilichopasuka, ni bata. Wengi wanaofika hawakukusudia: walikuwa wakiteremka kusini kando ya pwani ya mashariki ndipo upepo wa magharibi ukawachota. Visiwa vya Azores, vilivyo katikati ya Atlantiki, huwapata kwa kawaida kila majira ya baridi.

Kuna sababu ya pili ya kuongezeka kwao Ulaya. Tangu miaka ya 1930 shingo-pete walipanua makazi yao kuelekea mashariki mwa Amerika Kaskazini, hadi Maine, New Brunswick na Newfoundland. Bata wengi wanapozaliana karibu na ukingo wa bahari, ndipo wengi zaidi wanapochukuliwa na upepo. Ikafika mahali, miaka ya 1990, kamati ya taifa ya ndege adimu ya Uingereza ikaacha kuwapitia mmoja mmoja. Sasa kazi hiyo ni ya watunza kumbukumbu wa kaunti.

Wakishafika hukaa. Methali ya siku ya tatu mpe jembe haimhusu: hula mwenyewe, mbegu na mizizi ya mimea ya majini, konokono na viluwiluwi vya wadudu, kwenye maji yasiyozidi mita moja na nusu, na huweza kurudi bwawa lile lile baridi ya mwaka unaofuata. Ulaji huo wa chini ya maji machache ndio pia uliowaua wengi kwao. Bata humeza changarawe za kusagia chakula, na risasi za bunduki zilizolala kwenye tope hazina tofauti na changarawe kwake. Risasi ikikwama kwenye firigisi husagika, sumu huingia damuni, na bata hudhoofika kwa wiki mbili tatu hadi kufa. Marekani ilipiga marufuku risasi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi kwa uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991.

Mimi niko Nakuru. Ziwa Naivasha nimeona bata mweusi anayepiga mbizi, jicho jekundu, na akiruka mstari mweupe kwenye bawa. Je, ni huyo wenu wa Amerika amefika? – Msomaji, Nakuru

Hajafika, kaka, ila uliyemwona si haba. Jicho jekundu na mstari mweupe mpana ni dume la Netta erythrophthalma, bata mzamiaji wa Afrika yetu. Dume la shingo-pete lina jicho la manjano na, kama ulivyosoma juu, bawa lake ni la kijivu. Tafuta jike kando yake: la kahawia, lenye weupe kwenye koo na shinani mwa mdomo, na mstari mweupe uliopinda kama mwezi mwandamo nyuma ya shavu. Ukimwona huyo jike huna haja ya kitabu.

Ukitaka mgeni wa kweli ukiwa hapo hapo, nenda msimu wa kaskazi, Novemba hadi Machi, kwenye maziwa ya nyanda za juu, umtafute bata kishungi. Yule ambaye Leicester ni wa kawaida kama kunguru, Kenya ni mgeni wa wachache, na kaskazini mwa Tanzania ni adimu zaidi. Hesabu ya ndege wa majini hufanywa Januari, na timu zake hupokea watu wa kujitolea wanaojua kuhesabu bila kukisia. Shida ya kawaida kwa wanaoanza ni kuhesabu bata wazamiaji mara moja tu. Hesabu kundi mara tatu, uchukue idadi kubwa kuliko zote, kwa sababu kubwa ndiyo iliyokuta wachache zaidi chini ya maji.

Assalaam alaikum. Hapa Maskati, kwenye mabwawa ya Al Ansab, kuna bata wa hudhurungi mwenye weupe chini ya mkia. Jirani yangu anasema ni shingo-pete jike. Na tukimpata kweli, tunamwandikishaje? – Msomaji, Maskati

Waalaikum salaam. Jirani yako amekosea bata lakini amepatia ukoo. Huyo ni Aythya nyroca, anayefika Oman kila majira ya baridi. Dume lina jicho jeupe kabisa, la jike ni jeusi. Wote wana mwili wa hudhurungi iliyokolea, weupe safi chini ya mkia, na mstari mweupe mpana unaoenea bawa lote, hadi ncha. Jirani akishikilia, mwambie asubiri bata apige mabawa. Atahadhari na jambo moja tu: majike kadhaa ya bata kishungi nayo huwa na weupe chini ya mkia, ila yana jicho la manjano, mwili wa kahawia isiyo na wekundu, na kinundu cha kishungi.

Kuandikisha hakuna siri, ila kuna mfuatano. Andika kabla hujafungua kitabu, maana ukishaona mchoro macho yatakumbuka ambacho hayakukiona. Andika tarehe, saa, umbali kwa mita, jua lilikuwa upande gani, ulimtazama dakika ngapi, na alikuwa na bata gani. Kisha sehemu kwa sehemu: mdomo, jicho, umbo la kichwa, mgongo, ubavu, chini ya mkia, bawa, miguu. Ambacho hukukiona andika hukukiona. Maelezo yenye "miguu haikuonekana" huaminika kuliko yaliyokamilika kupita kiasi.

Picha: ya bawa wazi ndiyo dhahabu. Weka kasi ya 1/2000 ya sekunde, upigaji wa mfululizo, na punguza mwanga wa kamera kwa theluthi mbili ya hatua (stop) hadi hatua moja. Picha iliyozidi mwanga hugeuza kijivu kuwa cheupe, na shingo-pete halisi wamekataliwa kwa kosa hilo. Simu iliyoshikwa kwenye jicho la darubini inafaa. Piga video fupi, kisha uchague fremu.

Peleka kumbukumbu yako eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege inayopokea kutoka nchi yoyote. Aliyeko Uingereza atumie BirdTrack, tovuti ya aina hiyo hiyo ya huko, na amwandikie mtunza kumbukumbu wa kaunti yake. Ukimkuta bata amekufa, usimshike kwa mkono mtupu kwa sababu ya mafua ya ndege. Piga picha ya pete mguuni kwa ukaribu, kila upande, mpaka namba zote zisomeke, na upeleke namba hizo kwenye anwani iliyochongwa juu ya pete yenyewe. Tarakimu moja ikikosekana, bata wa Kanada anaweza kusomeka kama bata wa mtu mwingine kabisa.